Kununua jina la tovuti chini ya jina la mtu: unapata nini na hupati nini

Leo naomba tupumzike kidogo na siasa, tuongee jambo la riziki, maana biashara nyingi siku hizi zinaanzia kwenye intaneti kabla hazijapata hata fremu ya duka.

Mwaka jana shemeji yangu mmoja anayepika keki za harusi alinipigia simu asubuhi na mapema, sauti imemkauka. "Shem, mbona tovuti yangu inafungua matangazo ya kamari?" Nikafungua na mimi, kweli, kamari tupu. Keki hakuna, bei hakuna, picha za maharusi hakuna. Baruapepe yake ya kupokelea oda nayo ilikuwa imekufa tangu jana yake. Na ile anuani alishaichapisha kwenye maboksi 1,000 ya keki, kwenye aproni za wasichana wake, na ubavuni mwa Bajaji ya kupelekea mizigo.

Kulipia hakusahau. Alikuwa amelipa, tena aliambiwa ni "ya maisha". Tatizo ni kwamba alichouziwa kilikuwa domeni ndogo, yaani jina linaloning'inia chini ya domeni ya mtu mwingine. Yule mwenye domeni kubwa ndiye aliyeacha kulipia ya kwake. Muda ukaisha, wengine wakaichukua, na wapangaji wote wakajikuta nje na mizigo yao.

Kwa kuwa wauzaji wa aina hii bado wapo, na wengine ni watu wa maana kabisa, nimeona niandike kwa urefu kidogo ili mtu akitaka kununua ajue anachonunua.

JINA LA TOVUTI LINASOMWA KUTOKA KULIA

Sisi macho yetu yanaanza kushoto. Kompyuta inaanza kulia. Chukua jina kama duka.mfano.com. Kompyuta inauliza kwanza: nani anasimamia .com? Inajibiwa ni Verisign, kampuni ya Marekani. Inakwenda kwa Verisign kuuliza: mfano.com iko kwa nani? Inaelekezwa kwenye seva za mwenye mfano.com. Inakwenda huko kuuliza: na duka je? Hapo mwenye mfano.com ndiye anayejibu, na hakuna mwingine wa kumuuliza zaidi yake.

Utaratibu huu unaitwa DNS. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1983 na Paul Mockapetris, na kanuni zinazotumika mpaka leo kama msingi zilitoka mwaka 1987. Uzuri wake ni kwamba kila mwenye jina anaweza kugawa majina mengine chini yake bila kumwomba mtu ruhusa na bila kulipa senti. Ukiwa na mfano.com unaweza kutengeneza duka.mfano.com, oda.mfano.com, hata majina 10,000 ukitaka. Ndiyo maana biashara hii ni rahisi kuianza: mtu analipia domeni moja, halafu anauza vipande vyake.

Kwa lugha ya mtaani, domeni kamili ni sawa na kupanga nyumba kwa mkataba na mwenye nyumba anayejulikana. Domeni ndogo ni kupanga chumba kwa mpangaji mwenzako. Chumba kinaweza kuwa kizuri, kina tailzi na maji ya bomba. Lakini huyo aliyekupangisha akishindwa kodi, wote mnatoka.

SASA .CO.TZ NAYO SI DOMENI NDOGO?

Swali zuri, na ndilo wauzaji wengi wanalitumia kukuchanganya. Watakuambia: "Hata co.tz ni hivyo hivyo, hata co.uk ni hivyo hivyo." Kiufundi wanasema kweli. Jina lako.co.tz liko chini ya co.tz kama ambavyo lako.uk.com liko chini ya uk.com. Kompyuta haioni tofauti.

Tofauti iko kwa watu walio nyuma ya hilo jina la juu. Nyuma ya .tz kuna rejista ya nchi. Ilijengwa na tzNIC, chombo kilichoundwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti. Majina ya co.tz, or.tz, ac.tz, sc.tz, go.tz na hata hotel.tz ni mafungu ya rejista yenyewe. Wenzetu Kenya wana KeNIC, iliyoanza mwaka 2002 na mafungu kama co.ke na or.ke, na tangu 2017 mtu anaweza kusajili moja kwa moja chini ya .ke. Co.tz haiwezi kuisha muda eti kwa sababu jamaa fulani kabadilisha kadi ya benki akasahau kuweka namba mpya.

Uk.com ni domeni ya kawaida ya .com kama ya kwako au ya kwangu. Aliyeiwahi alikuwa na jicho la biashara, basi. Hapo ndipo penye tofauti yote, na mengine yote nitakayoeleza yanatoka hapo.

NANI WANAUZA, NA WALIANZAJE

Makundi ni matatu.

Kundi la kwanza ni wauzaji wakubwa wenye majina yanayofanana na ya nchi. Anayejulikana zaidi ni CentralNic ya London, iliyoanza miaka ya 1990, ikauza majina chini ya uk.com, us.com, eu.com, de.com, za.com na mengine ya namna hiyo. Hawa walifanya kazi kama rejista kamili: unanunua kupitia mawakala wa kawaida, kuna taarifa za mwenye jina, na kuna utaratibu wa kutatua migogoro ya majina unaopitia WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki. Ukilinganisha na wengine, hapa ni mahali pa heshima.

Kundi la pili ni wale wa bure au wa bei ya karanga. Maarufu kuliko wote ilikuwa co.cc, ya kampuni ya Korea Kusini. Hiyo .cc yenyewe ni ya visiwa vya Cocos, himaya ya Australia kwenye Bahari ya Hindi. Jamaa walitoa jina moja bure, na kwa mwenye kutaka jumla walikuwa wanauza majina 15,000 kwa dola 1,000. Piga hesabu, ni chini ya senti 7 za dola kwa jina moja. Vijana wengi duniani walianzia hapo.

Kundi la tatu ni huduma zinazokupa jina dogo kama sehemu ya huduma nyingine. Blogspot ni mfano tunaoujua sote, kwani blogu nyingi za Kiswahili zilizovuma miaka ya 2000 zilikaa humo. Wako pia No-IP na FreeDNS, wanaokupa jina la kufikia kamera au kompyuta ya nyumbani kwako hata kama anuani ya mtandao wako inabadilika kila siku.

KWA NINI WATU WANANUNUA

Tusiwaonee. Sababu zipo, na nyingine ni za msingi.

Kwanza, jina unalotaka limeshachukuliwa. Maneno mafupi ya .com yaliisha zamani, na aliyenayo anataka dola elfu kadhaa. Chini ya uk.com au us.com jina lile lile linaweza kuwa bado lipo.

Pili, bei. Bei ya jumla ya .com kutoka Verisign ilifika dola 10.26 kwa mwaka kuanzia Septemba 2024, na wakala anaongeza faida yake juu. Kwa kijana wa chuo hiyo ni hela ya kula siku kadhaa. Lakini angalia vizuri, maana majina ya wauzaji wakubwa mara nyingi ni ghali kuliko .com yenyewe. Mtu analipa zaidi na anapata haki pungufu.

Tatu, haraka. Hakuna fomu ndefu, unajaza jina na neno la siri, dakika tano uko hewani.

Nne, jina kubwa linaleta hadhi. Anayeona uk.com anafikiri kampuni iko Uingereza. Hapa niseme ukweli, hadhi hii inaweza kukugeukia. Mteja akigundua uko Temeke na wala si London, atajiuliza umemficha nini kingine.

YALIYOWAKUTA WENGINE

Kuna matukio matano yanayojulikana. Yanatosha kukuonyesha kwamba hasara ya shem haikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja.

1. Februari 2011, mooo.com. Hii ni domeni iliyokuwa inatumiwa na watu wa FreeDNS. Vyombo vya usalama vya Marekani vilikuwa vinawasaka wanaosambaza picha chafu za watoto, vikaikamata domeni nzima. Domeni ndogo zipatazo 84,000 zilizimwa kwa mpigo, na kila aliyezifungua alikuta tangazo la serikali linalozihusisha na kosa hilo la aibu. Nyingi zilikuwa kurasa za watu binafsi na biashara ndogo ndogo. Zilirudishwa baada ya siku chache, lakini fikiria mteja wako ameona tangazo lile kwenye anuani ya duka lako. Utaanzia wapi kumweleza?

2. Julai 2011, co.cc. Matapeli na wasambaza virusi nao walipenda bei ile ya senti 7. Google ikachoka, ikaondoa co.cc yote kwenye matokeo yake ya utafutaji, tovuti zaidi ya milioni 11. Mwenye duka halali na tapeli wakafutwa siku moja. Mwaka uliofuata huduma yenyewe ikazimika.

3. Septemba 2011, cz.cc. Microsoft ilikwenda mahakamani Marekani kupambana na mtandao wa kompyuta zilizoambukizwa ulioitwa Kelihos. Mahakama ikaruhusu domeni nzima ya cz.cc izimwe, na waliokuwa chini yake bila hatia wakazimika nayo. Mwezi uliofuata Microsoft na mwenye domeni wakaelewana, kesi dhidi yake ikaondolewa.

4. Juni 2014, No-IP. Microsoft tena. Kwa amri ya mahakama ya Nevada walichukua domeni zaidi ya 20 za No-IP ili kuchuja wahalifu. Mitambo waliyoiweka ikazidiwa, na mamilioni ya anuani za watu wasiohusika zikaacha kufanya kazi kwa siku kadhaa. Julai mwaka huo huo wakapatana na domeni zikarudishwa.

5. Mwaka 2020, blogspot.in. Tangu 2012 Google ilikuwa inawapeleka wasomaji wa nchi mbalimbali kwenye anuani ya Blogspot yenye herufi za nchi yao, na India ilikuwa blogspot.in. Domeni hiyo ikaachwa imalize muda, ikachukuliwa na mtu mwingine. Blogu zenyewe zilibaki salama kwenye blogspot.com, ila linki zote zilizoandikwa kwa .in zikafa. Kama Google inaweza kupitiwa, huyo jamaa anayekuuzia kwa ujumbe wa simu je?

Kwenye matukio yote matano waliopigwa wengi walikuwa hawajakosa chochote. Aliyekosa ni jirani, au mwenye nyumba alipitiwa. Kwenye domeni ndogo dhambi ya mmoja inalipwa na wote, kwa sababu anayeadhibu haoni vyumba, anaona paa.

KINGA AMBAZO MPANGAJI WA MPANGAJI HANA

Ukisajili .com au .org kwa jina lako, nyuma yako kuna ICANN, taasisi inayosimamia majina duniani tangu 1998, na mikataba inayombana wakala wako. Wengi hatuzijui haki hizi mpaka zitukosekane.

Haki ya kukumbushwa. Wakala analazimika kukuandikia kama mwezi mmoja kabla jina halijaisha muda, kisha kama wiki moja kabla, na tena baada ya kuisha.

Haki ya kukomboa. Jina la .com likifutwa kwa kutolipiwa, kuna siku 30 za kulirudisha, ingawa utalipa faini ya maana.

Haki ya kuhama. Ukigombana na wakala unachukua namba ya siri ya kuhamia na kwenda kwa mwingine. Jina linabaki lako.

Haki ya kuokolewa. Mwaka 2007 wakala mmoja mkubwa wa Marekani, RegisterFly, alivurugika hadi ICANN ikamfutia kibali. Majina ya wateja wake, kama 850,000, yakahamishiwa GoDaddy. Watu walihangaika, lakini jina lilikuwa na pa kwenda.

Kwenye domeni ndogo ICANN inamtambua mtu mmoja tu, aliyesajili jina la juu. Wewe hawakujui. Muuzaji akifunga biashara hakuna wa kukuhamishia popote, kwa sababu domeni ndogo haihamiki. Unaweza kuhamisha kurasa zako, picha zako na hata seva yako, lakini jina litabaki chini ya jina lake milele.

Na hapa ndipo nilipocheka kwa uchungu niliposoma risiti ya shem. Kwa kanuni, .com haiwezi kulipiwa mbele zaidi ya miaka 10. Miaka 10 ndiyo mwisho, hata uwe tajiri namna gani. Sasa mtu ambaye mwenyewe hawezi kuwa na zaidi ya miaka 10 mkononi anakuuziaje maisha? Anauza asichokuwa nacho. Ukisikia "ya maisha" kwenye domeni ndogo, elewa ni maisha ya biashara yake, wala si ya kwako.

MAMBO MATATU YA KIUFUNDI YANAYOUMA BAADAYE

Kufuli la brauza. Tovuti bila alama ya usalama siku hizi brauza inawatisha wateja. Wengi tunapata cheti hicho bure kutoka Let's Encrypt, lakini wao wana kikomo: vyeti vipya 50 kwa siku 7 kwa kila domeni iliyosajiliwa. Wanajuaje domeni iliyosajiliwa inaanzia wapi? Wanatumia orodha ya umma iliyoanzishwa na Mozilla, inayoitwa Public Suffix List. Co.tz imo, uk.com imo. Kama jina la muuzaji wako halimo, basi wapangaji wake wote mnahesabiwa kama mtu mmoja na mnagombania vyeti 50.

Kuki. Orodha ile ile ndiyo inayoiambia brauza kwamba wewe na jirani yako ni watu tofauti. Isipokuwepo, tovuti ya jirani inaweza kuweka kuki kwenye jina la juu zikasomwa hadi kwako. Kwa duka lenye akaunti za wateja huo ni mlango wa nyuma ulioachwa wazi.

Baruapepe. Wanaochuja barua taka wanaangalia sifa ya jina. Kama jirani anatuma barua za utapeli usiku na mchana, ankara yako inaweza kuishia kwenye takataka za mteja nawe ukadhani mteja anakukwepa.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI KABLA YA KUTOA HELA

1. Jina la juu linaisha lini? Usimwamini kwa mdomo. Nenda lookup.icann.org, andika jina la juu, utaona tarehe. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, lakini tarehe ya mwisho inaonekana. Kama limebakiza miezi miwili na anakuuzia miaka mitano, funga mfuko.

2. Nitaweka seva zangu za majina? Wengine wanakupa ukurasa wa kukuelekeza tu, wengine wanakuruhusu kubadilisha rekodi chache, na wengine wanakukabidhi jina lako kamili ulielekeze kwenye seva zako. Hii ya tatu ndiyo yenye thamani.

3. Baruapepe inawezekana kwa jina hilo?

4. Jina la juu limo kwenye Public Suffix List? Orodha iko wazi publicsuffix.org, itafute mwenyewe.

5. Jirani akifanya uhalifu mnamwondoaje, na kwa muda gani? Asiye na jibu hapa ndiye atakayekuletea habari ya mooo.com.

6. Ukiuza biashara au ukifariki, majina yetu yanakwenda kwa nani? Swali linaonekana la kichuro, lakini wengi wa wauzaji wadogo ni mtu mmoja na kompyuta yake, na neno la siri liko kichwani mwake.

7. Mkataba uko wapi? Risiti ya kutuma hela kwa simu si mkataba.

NA KAMA WEWE NDIYE UNATAKA KUUZA

Najua humu kuna wadau wenye domeni nzuri zimekaa bure, majina ya miji au ya bidhaa. Biashara si haramu. Ila kumbuka unakuwa mwenye nyumba.

Lipia jina la juu miaka 10 mbele na ongeza mwaka kila mwaka unapopita. Usiuze muda mrefu kuliko ulionao mkononi. Funga jina lisihamishike kirahisi, na neno la siri liwe na mtu wa pili unayemwamini. Weka anuani ya malalamiko inayosomwa kila siku, kwa sababu polisi na Google hawatagonga mlango wa mpangaji, watagonga wako. Usigawe bure kwa kila anayekuja, maana tumeona kilichomkuta wa senti 7. Omba jina lako liingizwe kwenye Public Suffix List. Na siku ukichoka, wape wapangaji notisi ya mwaka mzima. Mwenye nyumba muungwana anatoa notisi.

DOMENI NDOGO INAFAA WAPI BASI

Inafaa kwa kitu cha muda: tamasha, mradi wa chuo, ukurasa wa harusi, majaribio ya programu. Inafaa kwa kamera ya nyumbani. Inafaa kwa blogu ya kuanzia, ilimradi siku ukipata wasomaji ununue jina lako uliunganishe nayo.

Na inafaa zaidi ya hapo chote ikiwa domeni ya juu ni ya kwako mwenyewe. Ukishakuwa na jina lako.co.tz, unaweza kuwa na oda, picha na ofisi zote chini yake bila kuongeza hela. Huo ndio matumizi yaliyokusudiwa tangu mwanzo.

Haifai kwa kitu unachokichapisha kwenye maboksi, kwenye bango, kwenye gari au kwenye hati za kampuni. Kanuni yangu ni hiyo: kama utaipaka rangi ukutani, hakikisha ni yako.

UMESHANUNUA NA UMECHELEWA?

Usipaniki. Maadamu bado inafanya kazi, una muda. Sajili domeni yako kamili leo, kwa jina lako wewe na baruapepe yako, usikubali fundi asajili kwa jina lake. Nakili kurasa zote. Weka maelekezo ya kudumu kutoka anuani ya zamani kwenda mpya ili Google na wateja wafuate. Badilisha baruapepe kwenye benki, kwenye akaunti za mitandao ya kijamii na popote ulipojiandikisha, maana atakayeichukua domeni ya juu siku moja ataweza kupokea barua zako na kuomba neno la siri jipya kwa jina lako. Hili la mwisho watu hawalifikirii, na ndilo la hatari kuliko yote. Endelea kulipia jina la zamani angalau mwaka mmoja huku ukiwahamisha watu. Maelekezo haya yanafanya kazi tu wakati mwenye jina la juu bado yupo, kwa hiyo fanya kabla mambo hayajaharibika.

Shem hakuipata nafasi hiyo, kwake taa ilizimika usiku mmoja. Tulimsajilia co.tz siku ile ile, na picha tukazikusanya kutoka kwenye simu yake na za wateja. Maboksi hakuyatupa. Alichapisha stika zenye anuani mpya, na kwa jioni kama tatu nyumba nzima, watoto hadi bibi yao, tulikaa sebuleni tunabandika. Oda zilizotumwa kwenye ile baruapepe iliyokufa hatukuzipata tena. Mpaka leo hajui ni harusi ngapi zilikula keki ya mtu mwingine.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Mwenye swali au mwenye kujua zaidi karibu kwenye maoni hapo chini, na kama nimeteleza mahali nisahihisheni kwa uungwana.